Ukuta wa stoo ukiota kitambi, anza na maji kabla ya simiti

Leo naacha mbegu na mbolea pembeni, naongea juu ya ukuta.

Mvua za vuli zinaelekea kuisha na simu yangu haipumziki. Ndani ya wiki tatu nimepigiwa na vijana watatu, kuanzia Kinangop hadi Ol Joro Orok, na shida yao ni moja: stoo ya viazi iliyochimbwa ardhini, ukuta wa nyuma umeota kitambi. Umebinuka kuja ndani, na katikati yake kuna ufa mrefu unaolala kama mstari wa daftari. Wote watatu waliuliza swali lile lile: "Ofisa, nitahitaji mifuko mingapi ya simiti?"

Bado hata mmoja. Simiti ina nafasi yake na tutaifikia, lakini ukianza nayo utakuwa unampaka mgonjwa poda usoni. Nitawaeleza stoo mbili nilizohusika nazo msimu uliopita, moja tuliiokoa na nyingine tuliibomoa, ili mwenye ukuta wa namna hii ajue yake iko upande gani. Na ajue mapema, kwa sababu nafasi ya kufanya kazi hii ni Januari na Februari. Machi mvua ikianza, imekula kwako mpaka mwaka ujao.

Kwa nini tunachimba? Sababu sote tunaijua. Nyandarua yote ikivuna kwa wakati mmoja, bei inaanguka na broka anakuja na bei yake mfukoni. Shangi nayo haina subira, wiki chache tu baada ya kuvunwa imeanza kuchipua. Mwenye mahali pa giza, pa baridi na penye hewa anaweza kungoja kidogo, na asiye napo anauza siku hiyo hiyo shambani. Sasa huku juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, usiku una baridi ya bure. Kijana akiona mteremko nyuma ya boma anachimba, anaingiza stoo ndani ya kilima, ukuta wa nyuma unakaa mita 2 chini ya udongo na joto la mchana halikifikii kiazi. Wazo si baya. Shida ni udongo tulio nao.

Udongo unaovimba na kusinyaa

Ule udongo wetu mweusi wa mfinyanzi mnaujua vizuri. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo unaweza kuingiza mkono mzima. Masika unavimba, unashika gumboot na haukuachilii. Chembe zake ni ndogo mno na zina tabia ya kunywa maji katikati ya tabaka zake, ndiyo maana unakua na kupungua kwa kiasi ambacho udongo mwekundu haufanyi.

Nyuma ya ukuta, mchezo ni huu. Kiangazi udongo unasinyaa na kuachana na ukuta, unabaki mwanya. Ndani ya mwanya ule kunaanguka mabonge, mchanga, majani, takataka za kila aina. Mvua ikija udongo unavimba unataka kurudi mahali pake, unakuta pamejaa. Basi unasukuma. Ukuta unasogea milimita chache. Kiangazi kinachofuata mwanya unafunguka tena, unajazwa tena. Kila mwaka ukuta unasogezwa mbele na haurudi nyuma, kama jeki ya gari inavyopandisha jino kwa jino. Ndiyo sababu mtu anakuambia, "Lakini ulikaa sawa miaka minne!" Haukuwa sawa, hujawahi kuupima tu.

Juu ya hayo kuna maji yenyewe. Hebu tupige hesabu, maana wakulima biashara mnapenda hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Maji yakituama nyuma ya ukuta wenye kina cha mita 2, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu ya kilo 2,000. Ukuta wa mita 6 unabeba tani 12, karibu mizigo miwili ya lori la tani 7 iliyolazwa ubavuni. Na hapo udongo wenyewe hatujauhesabu. Kina kikiwa mita 1 badala ya 2, msukumo hauwi nusu, unakuwa robo: kilo 500 kwa kila mita. Ndiyo maana huwa nawaambia wanaotaka kujenga, nusu mita unayoacha kuchimba ni ukuta uliookoa.

Kama huna uhakika udongo wako ni wa aina hii, tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Paka mafuta ndani, jaza tope la udongo wako, acha likauke kabisa kivulini. Kisha sukuma kipande kilichokauka upande mmoja na upime pengo. Udongo wa kawaida wa kujengea unaacha pengo dogo. Huu wetu mweusi nimeupima ukaacha zaidi ya sentimita 5. Udongo uliopungua sentimita 5 kwa 60 ukikauka utazidai nafasi hizo hizo ukilowa.

Wengi wenu mmeangalia video za Marekani na Kanada, najua kwa sababu mnanitumia. Kweli wenzetu wa huko wana uzoefu mkubwa wa shida hii. Mji wa Winnipeg, kwa mfano, umekaa juu ya mfinyanzi ulioachwa na ziwa la kale liitwalo Agassiz, na nyumba zina vyumba chini ya ardhi ambavyo kuta zake hubinuka kama zenu. Lakini huko kuna adui mwingine. Ardhi yao inaganda kupita kina cha mita moja, maji yakiganda yanapanuka kwa karibu asilimia 9, na barafu ile inavuta maji mengine chini kwa chini na kuzidi kunenepa. Kwetu, barafu ya alfajiri inachoma majani ya viazi na kuishia hapo juu juu, udongo wa nyuma ya ukuta hauna habari nayo. Baridi yetu inatuumiza kwa njia nyingine: jua ni hafifu, ukungu hauishi, udongo uliolowa Mei bado ni tope Agosti. Kwa hiyo video za kufunika ardhi isigande, zipite tu. Video za kutoa maji, angalia mara mbili.

Soma ukuta kabla ya kuugusa

Kijana wa kwanza ana stoo upande wa Ol Kalou, kwenye mteremko mzuri tu. Ukuta wa nyuma mita 6, kina mita 2, mawe ya kuchonga yenye unene wa sentimita 20, juu umefungwa na mkanda wa zege. Nilipofika nilimkuta mama yake na kina mama wengine wawili wakichagua mbegu, wamekaa chini wameegemea ule ukuta kwa sababu pale pana ubaridi mtamu. Ufa ulikuwa umepita juu ya vichwa vyao, kutoka pembe hadi pembe.

Nikamwambia mama, "Shikamoo mama, naomba tuhamie nje kidogo."

Akanijibu, "Marahaba. Hapa ndipo tunakaa siku zote, mwanangu, fundi alishaziba."

Kweli fundi alikuwa ameziba. Mara mbili. Plasta mpya juu ya plasta ya zamani, na ufa umetokea pale pale. Niseme wazi: plasta haizuii tani 12. Kazi yake ni kukuficha usione kinachoendelea, na hilo ni baya kuliko ufa wenyewe.

Nyufa zina lugha. Ufa unaolala katikati ya kimo cha ukuta, pamoja na nyufa za ngazi ngazi kwenye pembe, unamaanisha juu na chini vimeshikwa lakini katikati panasukumwa. Ukuta ulioinama kutoka juu bila kufanya tumbo unamaanisha juu hapajafungwa na kitu, mara nyingi ni stoo ya mabati tu bila mkanda wa zege. Mstari wa mawe ya chini kabisa ukiwa umetoka mbele ya msingi, hapo ukuta umeteleza, na huo ndio ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu hauna tena cha kuukamata.

Baada ya kusoma, pima. Huhitaji mashine. Chukua vipande viwili vya mbao vyenye unene sawa wa sentimita 10, kimoja kila pembe ya ukuta, vuta uzi kati yake kwenye kimo cha ufa. Pima nafasi kutoka uzi hadi ukuta pale katikati. Kwa yule kijana ilikuwa sentimita 5.5 badala ya 10, maana yake kitambi ni sentimita 4.5. Kisha shusha timazi kutoka juu uone kama ukuta umeinama. Andika ukutani kwa penseli, weka tarehe. Juu ya ufa bandika kipande chembamba cha kioo kwa simiti kidogo kila upande. Ukuta ukitembea, kioo kinapasuka.

Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi. Unataka vipimo vya mwisho wa kiangazi, katikati ya masika, Agosti, na mwisho wa vuli. Ukuta unaoenda mbele masika na kurudi nyuma kiangazi unapumua na udongo, huo una muda. Unaoenda bila kurudi ni ule wa jeki niliousema. Unaoendelea kutembea hata kiangazi kikavu una jambo jingine: msingi unazama, au kuna mzigo mzito juu karibu na ukingo.

Kuhusu mpaka wa hatari, mafundi wengi makini hutumia theluthi moja ya unene wa ukuta. Kwa jiwe la sentimita 20 hiyo ni kama sentimita 6 na nusu. Ukipita hapo, au ukiona mawe ya chini yameteleza, acha habari ya kupima misimu. Toa watu, weka nguzo za kuegemeza, mwite mhandisi. Na hata ukiwa chini ya hapo, ukuta wowote wa kina kinachopita mita moja na nusu ningependa mhandisi aliyesajiliwa auone kabla hujamwaga zege. Utamlipa, ndiyo, lakini uliza kwanza bei ya jeneza.

Tafuta maji yanakotoka

Tulizunguka nyuma ya stoo na yule kijana. Hatukuhitaji hata dakika tano. Paa lina ukubwa wa mita 6 kwa 8, na gata ya upande wa nyuma ilikuwa imekatika. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu ni mvua ya jioni moja tu, inaangusha lita 1,440 juu ya paa la namna hiyo. Mapipa saba ya lita 200, yote yakimwagwa mguuni mwa ukuta. Mita moja kutoka ukingoni kulikuwa na tangi la lita 5,000 juu ya mawe. Likijaa ni tani 5 zinazokandamiza udongo kuelekea ukutani, na bomba lake lilikuwa likidondoka. Kando ya tangi, kitalu kizuri cha sukuma wiki kikimwagiliwa asubuhi na jioni. Na mita chache juu, mstari wa mikaratusi, ambayo kiangazi inanyonya udongo hadi unapasuka kuliko kawaida. Kwa udongo huu, mti mkubwa ukae mbali na ukuta angalau sawa na urefu wake.

Kazi ya wiki ya kwanza haikugharimu karibu chochote. Gata ilirekebishwa na maji yakapelekwa upande wa chini wa mteremko. Tangi lilimwagwa, likahamishwa. Sukuma wiki ilihamia kwingine, mama alinung'unika kidogo. Juu ya stoo tulichimba mtaro mfupi wa kukatiza maji ya mteremko yasifike. Ndani tuliegemeza ukuta kwa nguzo za mbao, kila moja ikisukuma ubao uliolala juu ya ufa na mguu wake ukizuiwa na kigingi kilichofukiwa sakafuni. Viazi vyote nje, watu wote nje.

Kuna kuta ambazo ukifanya hayo tu zinatulia. Kama kitambi ni sentimita 1 au 2 na vipimo vya misimu havisogei tena, usiongeze kitu. Endelea kupima.

Kuchimba nyuma

Huu wa sentimita 4.5 ulihitaji zaidi. Mwishoni mwa Januari, udongo ukiwa umekauka juu lakini haujawa jiwe, tulichimba nyuma ya ukuta.

Hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu shimo linaua kuliko ukuta. Mita moja ya ujazo ya udongo huu ina uzito unaokaribia tani 2. Mfinyanzi unasimama wima vizuri, unakudanganya kwamba uko imara, halafu bonge zima linaachia kwa mara moja. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hapumui hata kama kichwa kiko nje. Kwa hiyo shimo likipita kimo cha kiuno, usichimbe wima. Laza ukingo wa nje: kwa kila mita unayoshuka, rudi nyuma mita moja. Kwa kina cha mita 2.2 na sakafu ya shimo yenye upana wa sentimita 60, juu utafungua mita 2.8. Kwa ukuta wa mita 6 hiyo ni kama mita 22 za ujazo, karibu tani 40 za udongo. Usirundike ukingoni, peleka mbali. Watu wanne wenye nguvu, siku tatu hadi nne. Pasiwe na trekta wala lori karibu, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna anayeingia hadi pakaguliwe.

Mzigo ukishaondoka nyuma, jeki mbili za gari zikisukuma ule ubao ndani zinaweza kurudisha ukuta. Polepole, robo zamu, ngojea, robo zamu. Tulirudisha sentimita 2 tukaacha. Yule kijana alitaka unyooke kabisa. Nikamwambia ukuta uliozoea hali yake ukiulazimisha unapasuka mahali pengine, na kiazi hakina haja ya ukuta ulionyooka. Kilichobaki, sentimita 2.5, si hatari ukuta ukisaidiwa.

Msaada wenyewe ulikuwa mihimili mitatu ya zege ndani ya stoo, moja kila mita moja na nusu. Kila mhimili una msingi wake, chini umetoka mita 1 kutoka ukutani na juu sentimita 30, yaani umelala kama mtu anayesukuma gari. Ndani yake kuna nondo za milimita 12, nne, zilizofungwa kwa ringi, na nyingine fupi zimeingizwa kwenye viungo vya mawe ili mhimili na ukuta viwe kitu kimoja. Mhandisi alikuja kuona nondo kabla ya kumwaga. Hapo ndipo simiti ilipoingia, na mnaona ni mbali kiasi gani kutoka mwanzo wa hadithi.

Kijana alilalamika mihimili inamlia nafasi. Ni kweli inakula. Baadaye aliweka mbao kati ya mhimili na mhimili, akapata vyumba vya kutenganisha mbegu kwa ukubwa, na siku hizi anawaonyesha wageni kana kwamba ilikuwa mpango wake tangu mwanzo.

Kuna njia ya kuvuta ukuta kwa vyuma virefu vinavyopita ukutani hadi kwenye bonge la zege lililofukiwa mita 3 au zaidi upande wa pili. Wamarekani wanaitumia sana. Mimi kwa udongo mweusi siipendi, kwa sababu lile bonge nalo limekaa ndani ya udongo ule ule unaosinyaa, na lazima ukazekaze kila kiangazi. Nani kati yenu atakumbuka? Tepe za nyuzi za kaboni zinazobandikwa kwa gundi nazo mmeniuliza. Zinashika ukuta ulipo, hasa kama kitambi hakijapita sentimita 5, lakini haziurudishi nyuma na hazitoi tone la maji.

Sasa kujaza nyuma. Hapa ndipo watu wanarudisha ugonjwa baada ya kuutibu: wanachukua ule udongo mweusi waliotoa na kuushindilia tena. Usifanye hivyo. Uso wa nje wa ukuta upige plasta ya simiti na mchanga, ikikauka paka lami. Chini kabisa, chini kuliko sakafu ya stoo, laza bomba la inchi 4 lililotobolewa, matundu yakiangalia chini, lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita hadi litokee nje upande wa chini wa mteremko ambapo unaweza kuliona likitiririka. Kisha panda na kokoto safi, upana wa sentimita 30 kufuata ukuta hadi karibu na juu. Kwa mita 6 na kina cha mita 2 ni mita 3.6 za ujazo, lori moja la tani 7 linatosha na kubaki. Zisiwe na vumbi la machimbo, vumbi linaziba.

Kati ya kokoto na udongo weka kitambaa cha kuchujia, kile kinachotumika kwenye barabara na mabwawa. Msiniambie habari ya nyavu za viazi, matundu yake ni makubwa na mfinyanzi utapita hadi kokoto zigeuke tope. Nje ya kitambaa jaza changarawe nyekundu ya barabarani au udongo mwekundu, ukishindilia kwa tabaka za sentimita 20 kwa mkono. Juu malizia sentimita 30 za changarawe iliyoshindiliwa, ishuke kutoka ukutani sentimita 15 ndani ya mita 3. Ukifunika kwa udongo mweusi utapasuka kiangazi na kupeleka maji moja kwa moja chini.

Stoo tuliyoibomoa

Ya pili ilikuwa ya kikundi cha vijana, tambarare, upande wa ziwa Ol Bolossat. Walikuwa wamechukua mkopo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeteleza chini karibu sentimita 3 na kuinama juu, lakini kilichoniamulia hakikuwa hicho. Niliwauliza, "Maji tukiyakusanya hapa chini, tunayapeleka wapi?" Wakatazamana. Hakuna mahali. Kila upande ni tambarare, na masika maji ya ardhini yanapanda yenyewe hadi sakafuni. Bomba halina pa kutokea. Ungechimba shimo la kukusanyia, ununue pampu, uwashe kila siku ya mvua miaka yote ya maisha ya stoo, na siku stima ikipotea usiku, viazi vinaogelea.

Niliwaambia waiache. Mmoja wao aliniuliza kama mimi ni wa kusaidia wakulima au wa kuwavunja moyo. Simlaumu, marejesho ya mkopo hayakuwa yanangoja. Lakini mbegu yao ilikuwa tayari inaoza kona ile inayotoa maji, na kila wiki waliyoendelea kuingia mle ndani walikuwa wanacheza kamari na uti wa mgongo wa mtu.

Kubomoa nako kuna utaratibu. Usisukume ukuta wenye udongo nyuma yake, wala usitoe paa kwanza kama linashika juu. Wao walianza kwa kuchimba nyuma kwa mlazo nilioueleza hadi ukuta ukawa hauna mzigo, ndipo wakatoa paa, kisha jiwe moja moja kutoka juu kushuka. Karibu mawe yote yalipona. Shimo lilijazwa. Mawe yale yale yakajenga stoo ya juu ya ardhi: sakafu imeinuliwa kwa mawe na kokoto, kuta mbili zenye mwanya katikati, madirisha ya chini yanayofunguliwa usiku kuingiza baridi na kufungwa asubuhi, tundu la kutolea joto chini ya paa, na paa pana linalotupa kivuli ukutani. Haina ubaridi wa shimo, nikubali. Lakini mkopo wanaulipa kwa viazi vilivyo kavu.

Kwa hiyo wale watatu mlionipigia, kabla sijaja, nataka vitu viwili kutoka kwenu. Kipimo cha uzi chenye tarehe, na picha ya mahali bomba litakapotokea. Kama hiyo ya pili huna, tutaongea mambo mengine kabisa.

Yule wa Ol Kalou nilipita kwake Mei, mvua ikiwa kali. Bomba lilikuwa linatiririka unene wa kidole, mama na wenzake wanachagua mbegu ndani, safari hii wamekaa upande wa mlangoni. Tulivuta uzi: sentimita 7.5 hadi ukutani, yaani kitambi ni 2.5, vile vile tulivyokiacha. Agosti ilikuwa 7.4. Milimita moja hiyo sijui kama ni ukuta au ni uzi uliolegea, na ndiyo maana tunapima tena Jumamosi hii.